Mchezo Wenu Ukivuka Mpaka, Daftari Liende Nao

Barua pepe ilinikuta kwenye daladala, Jumatatu asubuhi. Tamasha moja la nje lilikuwa limeuona mchezo wetu kwenye video, limeupenda, na kabla ya kwenda mbele na mazungumzo linaomba kitu kimoja tu: historia ya maonyesho. Mchezo ulionyeshwa lini kwa mara ya kwanza, wapi, mara ngapi, mbele ya watu wangapi, nani aliongoza, nani aliigiza nini, unachukua dakika ngapi, umebadilika vipi tangu siku ile. Ukurasa mmoja na nusu. Mwisho wa kutuma Ijumaa.

Nikaona kazi ya nusu saa hiyo. Mimi ndiye meneja wa jukwaa wa kikundi, mchezo nimekaa nao miaka, tumeupeleka mpaka Ujerumani tukarudi nao. Jioni tukakutana sisi tuliosafiri, isipokuwa Bi Mkubwa wetu, anayecheza Bibi, ambaye alikuwa Tanga msibani. Tukawa saba. Na watu saba, nikagundua, walikuwa wamesafiri safari saba.

"Kule tulionyesha mara nne," akasema Mwalimu. Ni mwongozaji wetu. Tunamwita Mwalimu ingawa hajawahi kushika chaki.

"Tano," akasema Mzee wa ngoma. "Mwalimu, umesahau ya shuleni."

"Ile haikuwa onyesho, Mzee. Tuliwaonyesha watoto vipande vipande."

"Mimi mikono iliniuma. Lilikuwa onyesho."

Hivyo hivyo mpaka Alhamisi usiku. Tarehe ya onyesho la kwanza kabisa tuliipata kwenye risiti ya kukodi viti vya plastiki. Kijana aliyecheza Karani kabla ya huyu wa sasa tulimkumbuka kwa jina la utani tu, na jina la utani lenyewe haliandikiki kwenye fomu. Idadi ya watazamaji, kila aliyeulizwa alijibu "walijaa". Tukatuma fomu yenye "takriban" sita. Mwaliko haukuja. Siwezi kuapa kwamba ni fomu iliyotuangusha, matamasha yana sababu zake nyingi, lakini mimi ningekuwa upande wa pili wa meza ile ningejiuliza hawa watu kweli waliufanya huu mchezo au waliota.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kikundi chochote kinachoanza kupata mialiko ya nje ni wa bei ya chini kuliko mwingine wowote utakaousikia: kabla hamjanunua masanduku, nunueni daftari. La kawaida, lenye jalada gumu, na penseli mbili.

Kwetu mchezo ukiisha umeisha. Viti vinarudishwa, maleba yanafuliwa, watu wanagawana nauli, kesho kuna mchezo mwingine. Kwa wenzetu mchezo una jalada kama la mgonjwa hospitalini, na kila ukumbi unaoupokea unataka kulisoma kabla haujaugusa. Fundi taa anataka kujua jukwaa la mwisho lilikuwa na upana gani. Mtu wa bima anataka kujua kama kuna moto, maji au mtu anayening'inia. Anayechapa programu anataka majina na tahajia zake. Halafu kuna sababu ambayo hawaiandiki, nayo ni kwamba hakuna ukumbi unaopenda kuwa wa kwanza kukujaribu.

Sasa, hayo ni ya wenye kumbi. Sisi wenyewe tunalihitaji daftari kwa sababu nyingine, na mfano wake mzuri kuliko yote naujua kutoka Nairobi.

Mwaka 1976, Kenya ilichagua michezo miwili ya kuipeleka Lagos kwenye FESTAC, lile tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Januari na Februari 1977. Mmoja ulikuwa wa Francis Imbuga, mwingine ule wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau. Kabla ya kusafiri, michezo ionyeshwe nyumbani, Ukumbi wa Taifa wa Kenya. Ukiandika historia ya maonyesho kwa mtindo wa fomu utapata mistari miwili: Nairobi, Oktoba 1976; Lagos, 1977. Inapendeza, inaonekana safari ya fahari ya mchezo wa taifa. Lakini Ngũgĩ hakuishia kwenye mistari miwili. Aliandika jinsi walivyoomba siku za kutosha ukumbini wakakuta kalenda imejaa, na jinsi michezo yote miwili ilivyobanwa kwenye siku nane, katikati ya kichekesho cha muziki cha kigeni na kundi la baleti kutoka Ufaransa. Mchezo wa Kimathi ulifunguliwa tarehe 20 Oktoba, siku moja kabla ya kutimia miaka 20 tangu Kimathi akamatwe. Mchezo uliokuwa unakwenda kuiwakilisha nchi ugenini ulikuwa mgeni ndani ya ukumbi wa nchi yake mwenyewe. Hilo tunalijua leo, tunalifundisha na kulibishania, kwa sababu mhusika aliliandika mwenyewe. Mistari miwili ya fomu isingetuambia.

Ndiyo maana nasema daftari lisiwe la tarehe tu. Liandike na manung'uniko. Ukumbi uliowanyima mazoezi ya taa, andika. Posho iliyochelewa siku tatu, andika. Huandiki ili umshtaki mtu. Baada ya miaka 10 hakuna atakayekuamini kwamba onyesho la pili lilikuwa baya kwa sababu waigizaji walilala kwenye viti vya stesheni.

Kwa Kiswahili chenyewe, safari ninayopenda kuitaja ni ya London, 2012. Ukumbi wa Shakespeare's Globe ulialika michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37, kila kikundi na lugha yake, na Kiswahili kikapangiwa kile kichekesho cha wake wa Windsor wanaomkomoa Falstaff, mzee mnene mwenye tamaa. Kikaitwa Wanawake wa Heri wa Winsa. Tafsiri ilikuwa ya Joshua Ogutu, kazi ikafanywa na Bitter Pill ya London pamoja na The Theatre Company ya Kenya, na Falstaff akachezwa na Mrisho Mpoto wetu, yule wa Mjomba. Tangu miaka ya sitini tulikuwa na tafsiri za Mwalimu Nyerere za kusoma shuleni, lakini huku ni kwingine kabisa: Kiswahili kusimama pale mtoni kikiwachekesha watu. Katika kisa, Falstaff anajazwa kwenye tenga la nguo chafu na kumwagwa mto Thames. Kutoka jukwaa la Globe mpaka Thames wenyewe ni hatua chache tu. Ningetoa nauli yangu nikaone.

Kwa mtu wa jukwaa, jengo lile lina mambo matatu ya kuandika. Halina paa katikati, kwa hiyo watu mia saba wanaosimama uwanjani kwa tiketi iliyokuwa pauni 5 mwaka ule wananyeshewa, miavuli hairuhusiwi, na Aprili ya onyesho hilo ilivunja rekodi ya mvua Uingereza. Halizimwi taa, mwigizaji anawaona watazamaji kama wanavyomwona, jambo ambalo kwa mtu aliyeanzia kuigiza chini ya mwembe si geni hata kidogo. Na wenyeji waliamua kwamba hakutakuwa na tafsiri ya neno kwa neno. Kwenye skrini za pembeni walitoa muhtasari wa kila tukio la mchezo, basi. Asiyejua Kiswahili amtazame mtu.

Mimi nasema waliamua vizuri. Sisi Ujerumani tulipewa tafsiri ya kila mstari, inayorushwa ukutani juu ya vichwa vyetu na binti mmoja mwenye kompyuta. Kijana wetu wa Karani akipunguza mwendo kidogo, Wajerumani wanacheka kabla hajafungua mdomo. Akiongeza neno lake la papo kwa papo, binti anapotea, maandishi yanaganda, na watu mia mbili wanageuza shingo kumtazama binti badala ya mchezo. Usiku wa kwanza nilihesabu mara nne. Tukakubaliana: nchi za watu, hakuna kuongeza neno. Nikaliandika, na kila mmoja akatia sahihi chini yake, kama mkataba wa ndoa.

Katika tamasha lile lile la London kuna kisa kingine ambacho kila mshika maleba angekijua kwa moyo. Kikundi cha taifa cha China kilikuja na Richard III kwa Kichina. Waigizaji walifika kwa ndege. Maleba yalikuja kwa meli, na meli ikachelewa. Siku ya onyesho watu wapo, nguo hazipo. Globe ikafungua stoo yake ikawaazima. Mchezo ukaenda, ukasifiwa. Mwaka 2015 wakarudi jukwaa lile lile, safari hii na nguo zao. Sasa mtu akikuta picha ya 2012 bila daftari pembeni, atakaa aandike tasnifu nzima juu ya falsafa ya mavazi ya Wachina, kumbe ni nguo za kuazima.

Tulichojifunza hapo ni kwamba kila mwigizaji abebe maleba yake ya lazima kwenye begi la mkononi: kanga ya Bibi, kofia ya Karani, msuli wa Mtani. Mengine yakipotea, mchezo bado upo.

Ngoma ndizo zilizotutoa jasho. Tulikuwa na tatu. Ya tatu, ndogo, yenye sauti kali niliyoipenda kuliko zote, ilikuwa imewambwa ngozi ya kenge. Uwanja wa ndege, kabla hata hatujaondoka nchini, ofisa mmoja mpole kabisa akaigonga kwa kidole, akauliza, "Hii ngozi ya nini, dada?" Nikajibu ukweli, maana Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Kenge yumo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES wa biashara ya wanyamapori. Ngozi yake haivuki mpaka bila kibali. Ngoma ikarudi nyumbani na dereva aliyetuleta. Mzee hakusema neno mpaka tulipotua. Ngozi ya mbuzi nayo ina maswali yake kulingana na nchi unayokwenda, kwa hiyo uliza miezi miwili kabla, kwa maandishi, na jibu lao libandike kwenye daftari. Pia orodhesha kila kifaa, bei yake na picha yake, uende nayo forodha kabla ya kutoka. Usipofanya hivyo, mkirudi mtaulizwa hivi vitu mmevinunua wapi.

Mbili za mbuzi zilifika salama. Ilikuwa Novemba. Sijui nikueleze vipi unyevu wa Novemba ya kule. Nguo uliyoanika jana inakuangalia tu. Mzee akagusa ngozi, ikatoa sauti ya mtu anayepiga mto wa kitandani. Nyumbani jambo la dakika tano, unakoka makuti kidogo au gazeti, unaipitishia moto mpaka ikaze. Basi Mzee akatoka nyuma ya ukumbi na gazeti lake na kiberiti. Mtu wa usalama wa ukumbi alimfikia akikimbia, mikono juu. Simlaumu. Globe ya kwanza yenyewe, mwaka 1613, iliteketea kwa cheche ya mzinga wa mchezo iliyoshika paa la nyasi.

Aliyetuokoa ni fundi nywele. Akaleta drai yake ya kukaushia nywele, akakaa chini sakafuni na Mzee, hawana hata neno moja la pamoja, wakawa wanaipuliza ngoma kama wanamseti bibi harusi. Mzee anagonga, anatikisa kichwa, anaonyesha kwa kidole: bado hapa, bado hapa. Dakika 20 kila ngoma. Ukurasa ule wa daftari ninao hadi leo:

"Onyesho la 2. Ukumbi viti 220, wamekuja 187. Tumeanza dk 6 baadaye, mvua. Ngoma: drai dk 20 kila moja kabla ya milango kufunguliwa, rudia mapumzikoni. Karani kateleza mlango wa kushoto, sakafu imepakwa nta, wavue viatu au gundi chini ya soli. Maandishi ukutani yametangulia mara 1. Mtani: kimya. Bibi kasubiri bure."

Mistari miwili ya mwisho ndiyo iliyonifundisha kazi hii.

Mchezo wetu unahusu ndugu wanaogombea shamba la bibi yao mara tu babu alipozikwa. Katikati ya msiba anaingia mtani. Wanaojua utani wa makabila hawahitaji maelezo: anajilaza kwenye mkeka, anasema haondoki mpaka alipwe, marehemu alikuwa na deni lake la ugali. Nyumbani hapo ukumbi unapasuka. Bibi ananyamaza, anawaacha wacheke, kisha anauliza kwa sauti ya chini, "Hati ya shamba iko wapi?" Mchezo wote umening'inia kwenye swali hilo.

Ujerumani mtani aliingia, akajilaza, akadai ugali wake, na watu mia mbili wakashika pumzi. Mama mmoja mstari wa mbele aliweka mkono mdomoni. Walidhani wanamwona mhuni anayevuruga mazishi. Bi Mkubwa akasubiri kicheko kama alivyozoea, kicheko hakikuja, na ule ukimya ukaonekana kama amesahau maneno. Lakini mdogo mtu alipovua viatu mlangoni kwa Karani, kitu ambacho nyumbani huwanyamazisha watu kwa sababu kila mmoja anamjua mzee wake aliyefanya hivyo, kule wakacheka. Kijana anayemcheza mdogo mtu akatoka jukwaani macho mekundu.

Usiku ule Mwalimu akafanya alichopaswa kufanya mwongozaji yeyote. Akakata kituo cha Bibi: mtani akilala tu, swali lifuate. Viatu akavirudisha nyuma ya mlango, vivuliwe bila kuonekana. Onyesho la tatu likaenda laini. La nne laini zaidi. Nikaandika "kituo kimekatwa" na nikajiona meneja hodari.

Kosa langu lilikuwa kwamba nilinunua daftari kwa ajili ya safari. Maonyesho ya nyumbani, kabla na baada, sikuyaandikia kitu. Niliona nyumbani ni nyumbani, kuna nini cha kuandika? Na hata lile la safari lilikuwa limepotelea kwenye sanduku la maleba wakati ule wa fomu. Tulilipata baadaye limefungwa ndani ya kanga, na kurasa za mwisho zimelowa hazisomeki. Kama una simu, piga picha kila ukurasa kila usiku, uwatumie wenzako wawili.

Miezi mitatu baada ya ile fomu tulialikwa kuonyesha hapa hapa Dar es Salaam. Mchezo tulioupeleka jukwaani, bila mtu yeyote kuamua, ulikuwa ule wa Ujerumani. Mtani akaingia, ukumbi ukapasuka, na Bibi, aliyezoeshwa sasa kutosubiri, akauliza swali lake katikati ya vicheko. Hakuna aliyelisikia. Mwisho wa mchezo hati inapotolewa kifuani, watu wakatazamana. Baba mmoja akaniuliza mlangoni, "Dada, ile karatasi ilikuwa ya nini?"

Nikamfuata Bi Mkubwa chumba cha kubadilishia nguo. Nikamwambia Mama, lazima turudishe kituo, ila sikumbuki tulikuwa tunasubiri kwa muda gani, na Mwalimu naye hakumbuki. Hakunijibu. Akafungua mkoba wake akatoa muswada, nakala yake ya siku ya kwanza kabisa, kingo zimeliwa, umeshonwa upya kwa uzi wa viatu. Kwenye ukurasa wa mtani, pembeni, kwa penseli: "Hapa nyamaza. Wanaume watamaliza kwanza, wanawake watafuata. Wanawake wakimaliza, sema."

Nikaugeuza nyuma. Jalada la ndani lilikuwa limejaa vijiti, vimefungwa vitano vitano, kila fungu na jina la mahali. Kwenye fungu la Ujerumani vilikuwa vitano. Kile cha tano amekiandikia: "Shule. Watoto 60 hivi. Wamecheka kwa mtani."